Dole Gumba la Bi Somoe

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nchi yenyewe ina sheria kwamba anayetaka kuliandika jina lake aombe kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu siku ilipozinduliwa. Mimi ni raia mtiifu, kwa hiyo nasubiri ukarabati uishe. Wewe unayesoma, ukiona nchi hiyo inafanana na mahali unapopajua, usinilaumu mimi. Jilaumu mwenyewe kwa kujua mambo mengi.

Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Mikoroshoni. Wanaume wa Mikoroshoni hubeba magunia, nami Shazili ni mmoja wao. Wanawake hubangua korosho. Kama hujawahi kuona kazi hiyo, ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi kama moto usioonekana. Mbanguaji hujipaka majivu, lakini majivu hayashindani na mafuta yale. Mwaka wa kwanza vidole huvimba. Mwaka wa pili hubanduka. Baadaye vinatulia, na ncha ya dole gumba inakuwa laini kama mgongo wa kijiko, bila mstari hata mmoja. Hakuna aliyewahi kulisikitikia hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja Mikoroshoni kuulizia mistari.

Mkubwa wa wabanguaji alikuwa shangazi yangu, Bi Somoe. Ndiye aliyenilea, na pamoja nami alimlea mtoto mwingine aliyefiwa na mama yake, jina lake Athmani Lipwata. Tulikula sinia moja. Nilipokuwa najifundisha mashairi, nikihesabu mizani kwa kugonga magunia, Lipwata ndiye aliyekuwa akinisikiliza na kusema, "Ndugu yangu, siku moja utaimba na nchi nzima itaitikia."

Nchi nzima iliitikia kweli. Nitafika huko.

*

Lipwata alisoma, akarudi na miwani, akatangaza kwamba anagombea ubunge. Mbunge wetu wa siku zote, Mheshimiwa Kitunda, alikuwa hajaonekana Mikoroshoni muda mrefu kiasi kwamba watoto walidhani ni jina la mtaa.

"Mama," Lipwata alimwambia Bi Somoe mbele ya banda zima la wabanguaji, "nikiingia bungeni, jambo la kwanza ni glovu. Kila mbanguaji glovu zake. Aibu hii ya vidole iishe."

Fikira Nantumbo, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mafuta ya ganda, akauliza, "Glovu za kweli au za kampeni?"

"Za kweli, dada Fikira."

"Maana Kitunda alituletea kanga, tukazifua mara moja, picha yake ikabaki kwenye beseni."

Banda likacheka. Lipwata naye akacheka, akapiga magoti, akaishika mikono ya Bi Somoe na kuibusu. Nililia. Nasema wazi kwamba nililia, na usiku ule nikatunga hivi:

*Lete gumba, mama lete, karatasi nafungua,*
*Glovu zetu tuzipate, vidole vinaungua,*
*Lipwata ni wetu sote, shida zetu azijua,*
*Tia wino, usisite, sote atatukwamua.*

Sheria ya nchi hiyo ilimtaka kila mgombea apate wadhamini wengi wa kutia saini au dole gumba kwenye fomu. Hapo ndipo desturi ya banda ilipoingia. Katika banda la Mikoroshoni, anayejua kuandika hashiki kalamu mbele ya asiyejua. Ni adabu ya pale. Bi Somoe anasoma na kuandika vizuri kabisa, Fikira aliwahi kufundisha watoto, lakini kulikuwa na wazee ambao hawakuwahi kushika kalamu, na hakuna aliyetaka kuwatia aibu.

"Wote dole gumba," Bi Somoe aliamua. "Aliyesoma na asiyesoma tulingane."

Lipwata akapiga makofi. "Mama, hilo ni zuri mno! Mheshimiwa ana kalamu, mnyonge ana gumba!"

Basi tukazunguka, Bi Somoe na mimi, banda kwa banda. Yeye anashika kidau cha wino, mimi naimba. Wanawake waliweka dole gumba wakicheka. Wengine walilibusu kwanza, kama wanalipeleka harusini.

*

Serikali ilipoona Mikoroshoni inaimba, ilishtuka, na serikali ya nchi hiyo ikishtuka hutunga sheria. Ikatungwa Sheria ya Kulinda Utakatifu wa Saini. Waziri wa Uaminifu aliisoma redioni kwa sauti ya mtu anayesoma wasia wa tajiri.

"Wananchi watukufu," alisema, "saini ni roho ya taifa. Anayeghushi saini ya mdhamini ameghushi taifa. Anayeghushi taifa amenighushi mimi, na mimi sipendi. Kwa hiyo mkusanyaji mkuu wa saini bandia atakwenda jela. Lakini mgombea atakayejitokeza kwa moyo safi, akakiri kwamba alidanganywa na wakusanyaji wake, huyo si mhalifu. Huyo ni shujaa, na taifa haliwezi kumwacha shujaa wake bila cheo."

Sisi tulishangilia. Tulijua ni nani anayeghushi. Kwenye fomu za Kitunda, zilizobandikwa ukutani kwenye ofisi ya wilaya, mdhamini wa kwanza alikuwa Mzee Nangumbu, marehemu mume wa Bi Somoe. Tulimzika wenyewe. Dole gumba lake lilikuwa pale, safi, kila mstari mahali pake, kama lilivyochukuliwa alipoandikishwa ujana wake.

Bi Somoe alilitazama muda mrefu. "Alipokuwa hai hakumpenda Kitunda," alisema. "Sijui wameongea nini huko."

Tukapeleka malalamiko Tume ya Uchaguzi. Tume ikajibu kwa barua yenye muhuri kwamba imeguswa sana na uzalendo wa marehemu, na kwamba inawaomba walio hai waige mfano wake.

Hatukukata tamaa, maana tulikuwa na Lipwata. Siku hiyo nilikwenda nyumbani kwake nikamkuta anavaa suti.

"Unakwenda wapi, ndugu yangu?"

"Nimeitwa mjini. Kikao kidogo tu."

"Utawaambia kuhusu Mzee Nangumbu?"

Alifunga tai yake bila kunitazama. "Shazili, mambo haya ni mapana. Wewe endelea kutunga."

Jioni tulimsikia redioni. Sauti ilikuwa yake, ila ilikuwa imepigwa pasi. "Kwa uchungu mkubwa," alisema, "nimegundua kwamba madole gumba yote kwenye fomu zangu hayana mistari. Watu niliowaamini wamenidanganya. Najitoa kugombea. Namshukuru Mheshimiwa Waziri kwa kunipokea."

Kufikia alfajiri alikuwa Naibu Waziri wa Uaminifu. Kufikia asubuhi polisi walikuwa bandani.

"Mkusanyaji mkuu ni nani?" aliuliza mkubwa wao.

Nilifungua mdomo. Bi Somoe alinikanyaga mguu, na yeye hukanyaga kwa uzito. "Ni mimi," alisema. "Huyu kijana kazi yake ni kupiga kelele."

*

Mahakama ilijaa. Ukutani palikuwa na picha ya Kiongozi, na chini yake picha ndogo ya Haki, iliyowekwa pale kwa muda wakati ikitafutiwa msumari.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mnene mwenye furaha. "Mheshimiwa Jaji," alianza, "tumechunguza fomu zote kwa mashine. Hakuna dole gumba hata moja lenye mistari. Sasa, haiwezekani watu wote hawa wakose mistari. Inawezekana mtu mmoja akakosa. Kwa hiyo, ni mtu mmoja."

Maofisa waliokuwa mstari wa mbele wakapiga makofi kwa uzuri wa hoja ile.

"Jaji, baba yangu!" Fikira alipaza sauti kutoka nyuma. "Njoo ubangue korosho msimu mmoja tu, halafu utuambie na wewe umekuwa nani!"

"Nani huyo?"

"Mimi ni yule mtu mmoja!"

Wanawake wakacheka, na Fikira akatolewa nje. Lakini Jaji alikuwa mtu wa utaratibu. Akaamuru wabanguaji wote waliokuwemo waweke madole gumba kwenye karatasi, ili haki itendeke. Wakapanga foleni, wakaweka. Mashine ikanguruma, ikatoa majibu, na mwendesha mashtaka akayasoma huku kijasho kikimtoka.

"Mheshimiwa, hali ni mbaya kuliko tulivyodhani. Wote hawa ni mshitakiwa."

Jaji alifikiri. Gereza la wilaya lilikuwa limejaa tayari, na Mikoroshoni nzima isingeenea. "Basi ahukumiwe huyu aliyekiri," alisema. "Hao wengine wahesabiwe kuwa vivuli vyake."

Ndipo akaitwa shahidi wa serikali. Lipwata aliingia na suti nyeupe na glovu nyeupe mikononi, zile wanazovaa manaibu waziri siku ya kuapishwa. Banda zima liliziona glovu zile. Hakuna aliyecheka tena.

"Shahidi," aliulizwa, "unamfahamu mshitakiwa?"

Lipwata alitazama dirishani. "Si sana. Nadhani aliwahi kunipikia."

Nilitaka kusimama. Nilikuwa na maneno ya kuichoma mahakama ile mpaka kwenye paa. Lakini nilimwona Bi Somoe kizimbani akimtazama Lipwata kama mtu anayemtazama mtoto aliyerudi kutoka shuleni na homa.

"Athmani," alisema taratibu, "umekonda, mwanangu."

Karani aliandika kwamba mshitakiwa alijaribu kumtisha shahidi.

Hukumu ilikuwa fupi. Kwa kuwa kosa lilitendwa na dole gumba la kulia, dole gumba hilo lilifungwa miaka miwili. Mwenye dole alitakiwa kuambatana nalo muda wote huo ili lisikae peke yake.

Karani akaleta hati ya kifungo. "Weka dole gumba hapa, Mama, kukiri kwamba umeielewa hukumu."

Bi Somoe akaweka. Likatoka doa jeusi, laini, bila mstari. Karani akapuliza wino ukauke, akakunja hati.

"Mwanangu," Bi Somoe akamuuliza, "hili limefaa?"

"Limefaa kabisa, Mama."

"Mbona kule kwenye fomu lilikuwa si langu?"

Karani hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti. "Mama, la kuingia jela halina masharti."

*

Sasa nieleze wema wa serikali, nisije nikasemwa kwamba naona mabaya tu.

Dole gumba la Bi Somoe lilikuwa kielelezo, yaani mali ya serikali, na mali ya serikali lazima itunzwe. Kwa hiyo lilikatazwa kufanya kazi yoyote. Lilifungwa kitambaa cheupe, likapakwa mafuta ya nyonyo kila asubuhi, na mkaguzi alikuja kuliangalia na kuandika kwamba hali yake ni nzuri. Ndiyo glovu ya kwanza kutolewa na serikali katika historia ya Mikoroshoni.

Nje, Lipwata alipanda. Kitunda alirudi bungeni bila mpinzani, kisha akapelekwa ubalozini katika nchi ya baridi, kiti kikabaki wazi, na chama tawala kikamtangaza Lipwata kuwa mgombea wetu ajaye. Magari ya vipaza sauti yalipita mitaani. Siku moja nikiwa na gunia begani nilisikia yakiimba, *Lipwata ni wetu sote, shida zetu azijua.* Mizani yangu, vina vyangu, neno kwa neno. Walikuwa wameondoa mstari wa glovu tu. Nilitupa gunia chini, nikalikimbilia gari lile mpaka barabara kuu nikipiga kelele kwamba ni langu. Watu walidhani nashangilia. Wakaniitikia.

Kisha Naibu Waziri akaleta mageuzi.

"Wadhamini wengi ndio walioleta udanganyifu," alitangaza. "Kuanzia sasa mgombea anahitaji mdhamini mmoja tu! Awe wa kazi moja na mgombea, ili wajuane, na mistari ya dole gumba lake isomeke kwenye mashine. Saini za kalamu tumezifuta, kalamu ina ubaguzi. Mfungwa haruhusiwi kudhamini. Nani aliwahi kuona demokrasia rahisi namna hii?"

Fikira alikuwa ameamua kugombea. Alisikiliza tangazo lile akiwa na korosho mkononi, akaiweka chini.

"Mbanguaji mmoja mwenye mistari," alisema. "Shazili, anatutukana kwa heshima kabisa."

Tulizunguka mabanda yote. Tuliwageuza wanawake mikono kwenye jua, tukamtafuta mpaka msichana aliyeanza kazi msimu uliopita, naye vidole vilikuwa vimeshaanza kubanduka. Hakuna. Lipwata alijua. Alikua katika mikono ile. Aliipima sheria yake kwa vidole vilivyomlisha.

*

Siku ya Bi Somoe kutoka, nilikwenda gerezani na kanga mpya. Nilimkuta amekaa ofisini kwa Bwana Jela, na Bwana Jela anakuna kichwa.

"Hatoki," aliniambia.

"Mbona kifungo kimeisha?"

"Kimeisha. Ila wa kutoka lazima alingane na aliyeingia." Aliweka karatasi mbili mezani. "Aliyeingia hana mistari. Huyu anayo. Mimi siwezi kumwachia mtu ambaye sikumfunga. Nikimtoa huyu, yule wangu atakuwa wapi?"

"Huyu ni shangazi yangu!"

"Kijana, punguza sauti. Hata mimi namjua, kanifundisha kupika mchuzi wa kisamvu. Lakini mashine haimjui." Akaonyesha hati yenye muhuri mwekundu. "Imethibitishwa na makao makuu. *Mwenye dole gumba hili si mfungwa Somoe Nangumbu.*"

"Sasa afanyeje?"

"Arudishe kidole kama kilivyokuwa." Bwana Jela aliona haya kidogo. "Mletee korosho. Abangue hapa uani. Sisi hatutazuia."

Nilifikiri nitampiga. Bi Somoe aliniita kwenye benchi, akafungua kitambaa, akaniwekea dole gumba lake mkononi.

"Hebu tazama, Shazili."

Nilitazama. Palikuwa na mistari, myembamba, ikizunguka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Sikuwahi kuiona maisha yangu yote.

"Nilikuwa nayo nikiwa msichana," alisema. "Nilishaisahau. Asubuhi huwa naigusa kwa mdomo, naisikia kabisa."

"Shangazi, usiiunguze. Nitatunga, nitaandika magazetini, nitamwaibisha Athmani mpaka..."

"Utapiga kelele, najua. Lakini mimi nataka kulala kwangu." Akalifunga tena kitambaa. "Athmani hajaja hata siku moja. Kila mlango ukilia nilikuwa nadhani ni yeye."

Hapo ndipo nilipomweleza kuhusu Fikira, na mdhamini mmoja, na mistari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha shingo, akaisoma tena ile hati yenye muhuri mwekundu mezani, polepole, mdomo ukicheza. Nimekwisha kusema anajua kusoma vizuri.

"Bwana Jela," aliita, "mwanangu, hii karatasi inasema mimi si mfungwa?"

"Ndiyo, Mama. Bahati mbaya."

"Na muhuri ni wa kweli?"

"Muhuri ni wa makao makuu!"

"Basi mpe huyu kijana nakala, akawaonyeshe ndugu kwa nini nimechelewa."

Bwana Jela alifurahi kuombwa kitu kilicho ndani ya uwezo wake. Akatoa nakala, akaigonga muhuri mwingine juu.

Nilirudi kesho yake na fomu ya Fikira chini ya shati na mfuko wa korosho mbichi mkononi. Tulikaa uani. Bi Somoe alilowesha dole gumba lake kwenye wino, akaliweka kwenye fomu, akalibonyeza taratibu, upande huu na upande huu, kama mtu anayemlaza mtoto. Alipoliinua, mistari yote ilikuwa pale.

Alilitazama doa lile mpaka likakauka. Kisha akafuta kidole kwenye kanga, akanyoosha mkono.

"Haya. Zilete hizo korosho."

Nilimpa. Sikuweza kuangalia, nikaondoka na fomu.

Ofisi ya Tume ilikuwa inakaribia kufungwa. Lipwata mwenyewe alikuwapo, amekuja kusikiliza akitangazwa kwamba amepita bila kupingwa, na glovu zake nyeupe ziko mezani karibu na soda. Karani aliweka fomu yangu kwenye mashine. Mashine ikanguruma, ikawasha taa ya kijani.

"Inasomeka," karani alisema kwa mshangao. "Mdhamini, Somoe Nangumbu, mbanguaji."

Lipwata alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. "Huyo ni mfungwa!"

Nikaweka nakala mezani, muhuri mwekundu juu. Karani akasoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo utaratibu unavyotaka, kwamba mwenye dole gumba hili si mfungwa. Akagonga fomu.

Lipwata aliitazama alama ile muda mrefu. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuiona.

"Yuko wapi sasa hivi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya sinia moja.

"Yuko gerezani, Mheshimiwa," nilimjibu. "Anaunguza kidole ili atoke. Ukiwahi, utamkuta, na hizo glovu zako zitamtosha."

Alizitazama glovu pale mezani. Hakuzigusa. Wala hakwenda.